Basilika ya Mtakatifu Antoni, Padua: anza na kaburi la kwanza, ndipo uende kwa la sasa

Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanamjua Antoni wa Padua kabla hawajajua Padua iko wapi. Sanamu yake, akiwa amempakata Mtoto Yesu na kushika tawi la yungiyungi, imesimama katika parokia zisizohesabika, na pasipoti ikipotea siku mbili kabla ya safari, jina lake ndilo la kwanza kuitwa. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya kaburi lake liko kaskazini mwa Italia, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka Venezia. Kwenye vibao vya stesheni utasoma Padova. Wenyeji hawasemi "Basilika ya Mtakatifu Antoni". Wanasema Il Santo tu, yaani Mtakatifu, na kila mtu anaelewa.

Pafaa kwenda? Ndiyo, tena sana, na kuingia ni bure. Kati ya makanisa ya hija ya Ulaya ya zama za kati, ni machache ambayo bado yanafanya kazi ileile yaliyojengewa: watu wanakuja kwa mtakatifu, wanaweka mkono kaburini, wanaacha ombi, wanaungama, wanaondoka. Tatizo ni jinsi wageni wanavyozungushwa ndani. Kundi linaingia mlango mkuu, linapinda kushoto moja kwa moja hadi kaburini, linapita nyuma ya altare kuutazama ulimi wake uliohifadhiwa, linatokea uani kununua rozari. Dakika 30 na basi linaondoka. Waliomo wamefika kweli, ila hawakuelewa walichokiona, kwa sababu kanisa hili limekua kipande kwa kipande likiufuata mwili wa mtu mmoja ambao baada ya maziko ya kwanza ulihamishwa mara tatu: 1263, 1310 na 1350. Ukiifuata safari hiyo ya mwili, kila kona inaeleweka. Usipoifuata, utaona marumaru nyingi na dhahabu nyingi, basi.

Historia yenyewe ni hii. Antoni alizaliwa Lisbon, Ureno, na jina la ubatizo lilikuwa Fernando. Mapokeo yanataja mwaka 1195. Alianza utawa kwa Waaugustino, kwanza Lisbon, kisha Coimbra. Mwaka 1220 masalia ya Wafransisko watano waliouawa Morocco yaliletwa Coimbra, na tukio hilo likamgeuza: akahamia kwa Wafransisko, akachukua jina la Antoni, akavuka kwenda Morocco akitaka naye afe shahidi. Ugonjwa ukamwangusha huko, na meli ya kumrudisha ikasukumwa na upepo hadi Sicilia. Kwa hiyo mtakatifu ambaye leo ana mamilioni ya mahujaji alianza kwa kuguswa na masalia ya wengine. Jambo hilo lifaa kukumbukwa ukisimama mbele ya ya kwake.

Kwaresima ya 1231 alihubiri Padua kila siku, umati ukazidi uwezo wa makanisa, ikabidi ahubiri uwanjani. Afya ilikuwa imekwisha. Akaenda kupumzika Camposampiero, kilomita 20 hivi kaskazini mwa mji, na huko tarehe 13 Juni akazidiwa. Aliomba arudishwe Padua afie kwa ndugu zake, kwenye kikanisa cha Santa Maria Mater Domini. Wakamlaza kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe, lakini hakufika. Alifia Arcella, nje kidogo ya mji, penye monasteri ya Waklara. Hapo ugomvi ukazuka: watu wa Arcella hawakutaka kuuachia mwili, ndugu wa Santa Maria wakadai wosia wa marehemu. Mji mzima uliingia kwenye mvutano huo kwa siku kadhaa. Jumanne tarehe 17 Juni mwili ukavushwa na kuzikwa Santa Maria Mater Domini, na ndiyo maana hadi leo Jumanne ni siku ya Mtakatifu Antoni, hata kwenye novena zetu. Tarehe 30 Mei 1232, hata mwaka haujatimia, Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu huko Spoleto, na Padua wakaanza kujenga.

Sasa ingia.

Kabla ya kuvuka mlango, rudi nyuma hatua kadhaa uwanjani ulitazame kanisa zima. Lina urefu wa mita 115, makuba manane, minara miwili myembamba ya kengele yenye urefu wa mita 68, na uso wa matofali ya kuchoma usio na mbwembwe. Makuba yanakumbusha kanisa la San Marco la Venezia na nchi za mashariki, matao ya mbele ni ya Kiromaneski, mtindo wa zama za kati uliotangulia Kigothi, na sehemu ya nyuma yenye ushoroba wa kuzunguka altare ni ya Kigothi cha makanisa ya hija ya Ufaransa. Wapo wanaosema ni mchanganyiko usio na mpango. Si kweli. Wafransisko walianza na jengo la kiasi, lenye ukumbi mmoja mpana wa kuhubiria. Mahujaji walipozidi, nyuma ya altare ikahitajika njia ya kupitisha watu bila kuvuruga Misa, na hapo ushoroba ukaongezwa. Kazi kubwa ilikwisha mnamo 1310, mwaka ambao mwili ulihamishwa mara ya pili. Katikati ya ujenzi mji ulitawaliwa na Ezzelino da Romano, mtawala katili ambaye Antoni mwenyewe, mwaka wake wa mwisho, alikwenda kumwombea mateka waachiliwe akarudi mikono mitupu. Padua ilikombolewa kutoka mikononi mwake mwaka 1256. Mwili ulihamishiwa ndani ya kanisa jipya miaka saba tu baadaye, na jambo hilo lilikuwa shukrani ya mji uliopumua.

Ukiingia, utaona wenzako wote wakielekea bawa la kushoto, penye Kikanisa cha Arca, yaani kaburi. Pita hapo kwa sasa. Upande wake wa kulia, ukielekea nyuma ya kanisa, kuna mlango wa kuingia chumba kidogo chenye giza kiasi. Hicho ni Kikanisa cha Madonna Mora, na ndicho kilichobaki cha Santa Maria Mater Domini. Hapa ndipo alipozikwa mwaka 1231. Basilika yote imejengwa ikikumbatia kikanisa hiki bila kukibomoa, na ukilijua hilo hutakipita tena kama watu wengi wanavyokipita, wakidhani ni njia. Sanamu ya Bikira Maria iliyo juu ya altare ni ya jiwe lililopakwa rangi, kazi ya mchongaji Mfaransa aitwaye Rainaldino, ya mwaka 1396. Inaitwa Mora kwa sababu ya nywele zake nyeusi na uso wake wa rangi iliyokolea. Kaa kwenye benchi dakika tano. Mara nyingi utakuwa peke yako, hata kanisa likiwa limejaa.

Kutoka humo unaingia Kikanisa cha Mwenyeheri Luca Belludi, mwenzake Antoni wa safarini. Kuta zote zilichorwa na Giusto de' Menabuoi mwaka 1382. Tafuta mchoro wa Antoni akimtokea Belludi kumwambia kuwa mji utakombolewa: chini yao pamechorwa Padua yenyewe, imezungukwa na kuta zake, paa kwa paa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Padua, kilichoanza 1222, humwomba Belludi wakati wa mitihani na kumwachia vikaratasi. Michoro hii ni mojawapo ya sababu za UNESCO kuiingiza basilika kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021, pamoja na majengo mengine ya Padua yenye michoro ya ukutani ya karne ya 14.

Hatua ya pili ya safari ya mwili haina kaburi la kuonekana, lakini ndiyo iliyozaa masalia maarufu kuliko yote. Tarehe 8 Aprili 1263, Mtakatifu Bonaventura, aliyekuwa mkuu wa Wafransisko wote, alisimamia kufunguliwa kwa jeneza ili mwili uingizwe kanisa jipya. Nyama ilikuwa imerudi mavumbini, ila ulimi ulikutwa haujaoza. Bonaventura akaushika mikononi akausifu: ulimi uliomtukuza Bwana daima na kuwafundisha wengine kumtukuza. Tangu hapo ulimi ukatengwa na mifupa. Kwa hiyo mtu anayeuliza "masalia yako wapi hasa?" ajue yako sehemu mbili. Mifupa iko Kikanisa cha Arca. Ulimi, taya la chini na vingine viko Kikanisa cha Masalia, nyuma kabisa ya altare kuu. Mahujaji wengi huchanganya, wakaishia sehemu moja wakidhani wamemaliza.

Rudi sasa Kikanisa cha Arca, ambako mwili umelala tangu Februari 1350. Sikukuu ya uhamisho huo huadhimishwa kila tarehe 15 Februari, na wenyeji huiita Sikukuu ya Ulimi. Unavyokiona leo, kikanisa hiki kilianza kujengwa mwaka 1500. Altare yenye kaburi, aliyoibuni Tiziano Aspetti mwishoni mwa karne ya 16, imeinuliwa juu ya ngazi. Njia ya mahujaji inapita nyuma yake: unapanda ngazi chache za marumaru, unafika kwenye bamba la jiwe la kijani kibichi, unaliwekea kiganja. Jiwe limelainika kwa viganja vya vizazi vyote hivyo, na ni baridi hata Julai. Usikimbilie kuondoka, lakini usikae dakika kumi pia. Utaratibu usioandikwa ni sala fupi, kiganja kwenye jiwe, kisha uwapishe walio nyuma. Mwenye sala ndefu akae kwenye viti vya mbele. Pembeni zimebandikwa picha za walioomba au kushukuru: watoto wachanga, magari yaliyopondeka, wagonjwa waliopona. Mwenye ombi lake aje nalo limeandikwa kwenye karatasi, kwa Kiswahili bila wasiwasi.

Ukiwa humo, tazama kuta. Michongo mikubwa tisa ya marumaru inaeleza miujiza ya Antoni, kazi ya wachongaji bora wa Venezia na jirani zake: ndugu Tullio na Antonio Lombardo, Jacopo Sansovino, Danese Cattaneo na wengineo. Wa kutazamwa kwa karibu ni ule wa moyo wa bahili, wa Tullio Lombardo, wenye tarehe 1525. Tajiri amekufa, Antoni amehubiri kwamba hazina yako ilipo ndipo moyo wako ulipo, wanampasua kifuani, moyo haumo. Umo kwenye sanduku lake la fedha. Tullio amewapanga watu wakiinama juu ya maiti, nyuso zao zikiwa na ule mshtuko wa mtu ambaye bado hajapata hata sauti. Kilicho bora zaidi ni mikono. Fuata mikono tu, mmoja baada ya mwingine, na hadithi yote utaisoma.

Altare kuu ina kazi ya Donatello, mchongaji mashuhuri wa Firenze, na hapa pana malalamiko ya haki. Kati ya 1446 na 1450 Donatello alitengeneza kwa shaba nyeusi sanamu ya Bikira Maria, watakatifu sita na michongo minne ya miujiza ya Antoni. Mwaka 1579 altare yake ilivunjwa ikajengwa nyingine. Mwaka 1895 msanifu majengo Camillo Boito aliviunganisha tena vipande, lakini mpangilio wa Donatello ulikuwa umeshapotea, kwa hiyo unachokiona ni makisio ya karne ya 19. Hata Msalaba mkubwa ulio juu haukutengenezwa kwa ajili ya altare hiyo. Donatello aliutengeneza kwanza, kwa ajili ya sehemu nyingine ya kanisa. Baya zaidi, kizuizi kinamweka mgeni mbali. Michongo ya miujiza ina urefu wa sentimita 123 tu kwa kimo cha 57, imejaa watu wadogo kwa makumi, na kutoka kizuizini huoni zaidi ya kung'aa kwa dhahabu. Njoo na darubini ndogo. Si mzaha, bila darubini utakuwa umesimama mbele ya mojawapo ya kazi kubwa za sanaa za karne ya 15 bila kuiona. Ulizia pia sakristia kama kuna ziara za kuongozwa zinazoruhusiwa kuingia ndani ya kizuizi. Kikundi chenye barua ya parokia kina nafasi nzuri kuliko mtu mmoja.

Nyuma yake ni Kikanisa cha Masalia, kilichoanza kujengwa mwaka 1691 kwa ubunifu wa Filippo Parodi, mwanafunzi wa Bernini. Ni Baroko ya nguvu zote: malaika wa marumaru, mapazia ya chokaa, wingu juu ya wingu. Wanaopenda utulivu wa matofali ya nje hawataipenda. Lakini kazi yake inaifanya vizuri. Ngazi za pembeni zinakupandisha hadi usawa wa vioo, unapita mbele ya masalia kwa mstari, unashukia upande wa pili. Ulimi uko katikati, ndani ya chombo cha Giuliano da Firenze cha 1434 hadi 1436, chenye umbo la kihekalu cha fedha iliyopakwa dhahabu. Usitarajie kitu chekundu kama wahubiri wengine wanavyosimulia. Ni kipande kidogo kilichokauka, rangi yake imekolea kuelekea kahawia, na kutokana na umri wake hicho chenyewe kinatosha. Taya la chini liko kwenye chombo chenye umbo la kichwa na mabega, mahali pa uso pakiwa pa kioo, kilichotolewa na Kardinali Guy de Boulogne, ambaye ndiye aliyesimamia uhamisho wa 1350.

Chombo hicho cha taya kina historia ya karibuni. Tarehe 10 Oktoba 1991 watu wenye silaha waliingia basilika wakakinyakua. Lilikuwa genge la wahalifu wa eneo hilo, wakitaka kitu cha kubadilishana na serikali. Kilipatikana Desemba ya mwaka huohuo karibu na Roma. Ulinzi unaouona leo, vioo vinene na wahudumu wanaokuhimiza usonge, umetokana na hayo. Kwa hiyo wasikuudhi.

Vitu vingine vya Kikanisa cha Masalia vilitokana na Januari 1981, kaburi lilipofunguliwa kuelekea miaka 750 ya kifo chake. Wataalamu walichunguza mifupa, wakamkadiria kimo cha mita 1.70 hivi. Zilitambuliwa pia sehemu za koo, zile za kutolea sauti, na leo ziko kwenye chombo chake karibu na ulimi. Kanzu na masanduku ya mbao yaliyohifadhi mabaki yake nayo yameonyeshwa humo. Mtu anayetilia shaka masalia ya zama za kati, na shaka nyingine ni halali kwa sababu biashara ya mifupa ya uongo ilikuwapo, aanze na kesi hii: aliyezikwa anajulikana, siku ya maziko inajulikana, mahali panajulikana, na kila ufunguzi una mashahidi na maandishi. Si kila basilika inaweza kusema hivyo.

Ukitoka kwenye ushoroba, usiende mlangoni kabla ya kuvuka bawa la kulia. Mkabala kabisa na kaburi kuna Kikanisa cha Mtakatifu Yakobo, kilichoagizwa na Bonifacio Lupi, na ukuta wake mkubwa umejazwa Mateso ya Yesu yaliyochorwa na Altichiero kufikia mwaka 1379. Mchoro umepasuliwa na matao matatu lakini ni tukio moja: katikati Msalaba, pembeni watu wa sokoni, wapiga soga, mama na mtoto wakienda zao. Altichiero alielewa kwamba siku ile ilikuwa siku ya kawaida kwa wengi waliokuwapo. Ni bora kuliko chochote cha karne ya 17 humu ndani, na mara nyingi hakuna mtu mbele yake.

Nyua za watawa ziko upande huohuo wa kulia, nazo ni bure. Ule wenye mti mkubwa wa magnolia ndio wa kupumzikia. Duka la ndani lina medali, rozari na vitabu katika lugha nyingi. Vibanda vya uwanjani huuza mishumaa na sanamu, na ni juu yako kulinganisha bei kabla ya kufungua pochi. Sadaka inayoitwa mkate wa Mtakatifu Antoni huenda kwa maskini, ni mapokeo ya siku nyingi, na masanduku yake yako ndani ya kanisa.

Mambo yanayoharibika mara nyingi ni machache, lakini yanauma. La kwanza ni muda. Basilika hufunguliwa alfajiri, kabla ya saa moja, na hubaki wazi hadi jioni, lakini Kikanisa cha Masalia kina ratiba yake fupi na hufungwa mchana. Anayefika saa saba na kuondoka na treni ya saa nane ataukosa ulimi. Angalia ratiba kwenye tovuti ya basilika usiku wa kuamkia safari, si mwezi mmoja kabla. La pili ni Misa. Jumapili zinafuatana karibu bila nafasi, na wakati wa Misa huwezi kuzunguka altare. Anayetaka kusali aje Jumapili au Jumanne. Anayetaka kuona aje siku nyingine, asubuhi mapema. La tatu ni Juni. Tarehe 13 ni sikukuu yake, inatanguliwa na siku 13 za maandalizi tangu 31 Mei, na jioni ya sikukuu kuna maandamano mjini. Ni siku tukufu, lakini foleni ya kaburini huhesabiwa kwa saa, jua ni kali, na wazee wanaumia. Njoo na mzee wako wiki nyingine.

Mavazi ni yale ya kanisani kwetu: mabega na magoti yafunikwe, wanaume wasivae kaptula fupi. Mabegi makubwa yasiingie, yaache hotelini. Kuhusu picha, fuata alama za mlangoni, na kaburini weka simu mfukoni hata pasipokuwa na alama. Padre anayetaka kushiriki kuadhimisha Misa abebe barua ya utambulisho ya jimbo lake, na kikundi kinachotaka altare yake kiandike mapema. Maungamo yapo muda mrefu wa siku na kuna mapadre wa lugha mbalimbali. Kiingereza na Kifaransa ndizo za kutegemea kwa mtu wa kwetu. Wahudumu ni Wafransisko Wakonventuali, wenye kanzu za kijivu au nyeusi, na ni watu wa kusaidia ukiwafuata kwa upole. Na kwa wanaodhani viza haihusiki kwa kuwa basilika ni mali ya Baba Mtakatifu: ni kweli Mkataba wa Lateran wa 1929 uliirudisha mikononi mwa Kiti Kitakatifu, pamoja na Assisi na Loreto, lakini ardhi ni ya Italia. Viza ya Schengen ni lazima.

Kutoka stesheni panda tramu ya kuelekea kusini ushuke kituo cha Santo. Kwa miguu ni dakika 25 hivi, njia iliyonyooka. Uwanjani, mtu aliyepanda farasi wa shaba juu ya nguzo ni Gattamelata, kamanda wa majeshi ya Venezia, kazi ya Donatello iliyowekwa 1453. Kaburi lake liko ndani, upande wa kulia.

Ukibakiwa na muda, ongeza Oratorio ya San Giorgio iliyo uwanjani hapohapo. Tiketi ni ndogo na michoro ya Altichiero humo imetunzwa vizuri kuliko ya ndani. Kisha tembea dakika kumi hadi Santa Giustina, basilika kubwa ya Wabenedikto pembeni mwa uwanja wa Prato della Valle. Humo mna kaburi linaloheshimiwa kuwa la Mwinjili Luka. Lilifunguliwa 1998, na mwaka 2001 ulitangazwa uchunguzi wa vinasaba ambao haukupingana na asili ya Siria. Foleni hakuna. Kikanisa cha Scrovegni chenye michoro ya Giotto ni jambo jingine: nafasi hukatwa mapema mtandaoni kwa saa maalumu, kikundi kidogo huingia kwa dakika chache, na anayechelewa hupoteza tiketi yake. Kiwekee asubuhi ya siku ya pili, kwa kuwa kiko njiani ukirudi stesheni.